Revit ndani ya MacBook ya M1: jibu kwa mwanafunzi wa usanifu majengo

Swali: Shikamoo kaka. Nasoma usanifu majengo mwaka wa tatu, niko Dar es Salaam. Kaka yangu anayefanya kazi Muscat ameniletea MacBook Air ya M1, RAM GB 8, diski GB 256. Muhula ujao tunaanza Revit, programu ya kujenga modeli ya jengo, na wenzangu wanarenda (wanatoa picha za jengo kama lilivyo) kwa 3ds Max na Lumion. Nimeuliza mafundi watatu. Wa kwanza anasema ataniwekea Windows kwa Boot Camp, wa pili anasema ninunue Parallels, wa tatu anasema niiuze tu ninunue laptopu ya Windows. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza usiuze. Na yule wa Boot Camp usimpe hata shilingi, maana anachokuahidi hakipo. Si kwamba hana ujuzi wa kutosha. Apple hawakuitengeneza Boot Camp kwa chipu uliyo nayo, na hakuna fundi awezaye kuiweka.

Uvumi huu una chanzo chake. Mwaka 2006 Apple walianza kuweka chipu za Intel ndani ya Mac, familia ileile inayoendesha kompyuta za Windows. Mwaka huohuo wakatoa Boot Camp: unagawa diski, unasakinisha Windows upande mmoja, na kila ukiwasha unachagua uingie wapi. Wasanifu wengi wenye Mac waliifanyia Revit kazi hivyo kwa miaka, na ilikwenda vizuri kabisa, kwa sababu ilikuwa Windows halisi juu ya chipu ya Intel halisi. Novemba 2020 ikaja M1. Chipu hiyo ni ya familia ya Arm, ukoo mmoja na chipu za simu, na kwayo Boot Camp ikaishia hapo. Fundi aliyejifunza kazi kwenye Mac za zamani anakumbuka jambo la kweli, ila si la kompyuta yako.

Sasa nataka uelewe kwa nini jambo hili ni gumu, kwa sababu ukishaelewa hutahitaji kumuuliza fundi kuhusu programu nyingine yoyote. Tukisema Revit ni programu ya Windows, tunadhani kizuizi ni kimoja. Viko vitatu. Cha kwanza ni mfumo endeshi: Revit ikitaka kufungua dirisha, kusoma faili au kuandika maandishi kwenye skrini, inaiomba Windows kwa utaratibu wa Windows, na macOS haiujui utaratibu huo. Cha pili ni chipu: amri zenyewe za Revit zimeandikwa kwa ajili ya chipu za Intel na AMD, na M1 haiwezi kuzisoma moja kwa moja. Cha tatu ni picha: modeli yako ya 3D inachorwa kwa DirectX, njia ya Microsoft ya kuzungumza na kadi ya picha, wakati Apple wana njia yao iitwayo Metal.

Enzi za Intel, Boot Camp ilikuwa na kizuizi kimoja tu cha kuondoa. Wewe unavyo vyote vitatu.

Parallels aliyokutajia fundi wa pili inajaribu kuviondoa vyote kwa pamoja. Inatengeneza kompyuta pepe ndani ya Mac yako, yaani sehemu ya RAM, ya prosesa na ya diski inatengwa, kisha Windows inasakinishwa humo na kuamini kwamba iko kwenye mashine yake yenyewe. Lakini Windows inayoingia humo ni ile ya Arm, kwa kuwa chini yake iko chipu ya Arm. Jambo hili ni halali: Februari 2023 Microsoft waliidhinisha rasmi Windows 11 Pro na Enterprise za Arm kuendeshwa kwa Parallels kwenye Mac za M1 na M2. Ukisakinisha Revit humo, Windows yenyewe ndiyo inayofasiri amri za Intel kwenda za Arm, kazi ambayo Windows 11 imekuwa nayo tangu itoke mwaka 2021, na mwaka 2024 Microsoft wakaja na mfasiri bora zaidi waliyemwita Prism. Amri za picha nazo zinabadilishwa na Parallels kutoka DirectX kwenda Metal. Ni kama shauri linalopita kwa wakalimani wawili kabla ya kumfikia hakimu: linafika, ila linachelewa, na pengine neno moja linapotea njiani.

Watu huuliza kuhusu Rosetta 2, mfasiri wa Apple aliyemo ndani ya macOS, kwamba si ndiyo inayofasiri Intel? Ndiyo, lakini inafasiri programu za Mac zilizoandikwa enzi za Intel. Haiwezi kuendesha Windows nzima ya Intel. Anayekuambia Rosetta itakufungulia Revit amechanganya mambo mawili.

Je, Revit inafunguka kwa njia hii? Inafunguka. Utachora ukuta, utaweka milango, utatoa plani na seksheni. Mahitaji yake ya picha ni DirectX 11, na Parallels inafika hapo. Lakini Autodesk, wenye Revit, hawaiungi mkono programu hiyo kwenye Windows ya Arm. Siku ikigoma usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi, hakuna wa kumlalamikia. Hilo ulipime mapema, na ulipime kwa uzito.

Kuhusu Lumion, jibu ni hapana. Inadai kadi ya picha ya kujitegemea yenye nguvu, na kompyuta pepe haina kadi hiyo. Inaazima tu sehemu ya uwezo wa M1. Vivyo hivyo kwa programu yoyote ya kurenda inayotegemea kadi ya NVIDIA au DirectX 12. Parallels haina DirectX 12. Usipoteze bando kuzipakua.

Halafu kuna RAM, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. M1 yako ni chipu nzuri, nasema hivyo bila kusita. Kinachokubana ni zile GB 8. Zimeunganishwa na chipu yenyewe, haziongezwi na fundi yeyote kwa bei yoyote. Ukiipa Windows nusu, inabaki na GB 4, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa Windows 11 inachokubali kabla hujafungua programu hata moja. Autodesk wanataka kuanzia GB 16 kwa matoleo ya karibuni ya Revit. Pengo hilo huwezi kulificha. Mac itaanza kutumia diski badala ya RAM, modeli itakwama kila ukiizungusha, na wewe utadhani Revit ni programu mbovu kumbe imenyimwa hewa. Diski nayo: Microsoft wanataka GB 64 kwa Windows 11 peke yake, Revit inaomba nafasi ya kama GB 30, na una GB 256 ambazo humo zimo picha zako, kazi za miaka miwili na macOS yenyewe.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kwa kujifunza amri, kwa zoezi la nyumba ya chini yenye vyumba vitatu, Mac yako na Parallels zitakufikisha. Kwa kazi ya studio yenye ghorofa, mandhari ya kiwanja, samani, na faili la mhandisi wa miundo lililounganishwa ndani, hazitakufikisha. Mwenye Mac ya GB 16 au 24 ningemjibu kwa upole zaidi.

Ukitaka kujaribu, jaribu bila kulipa kwanza. Parallels wanatoa siku 14 za majaribio. VMware Fusion, programu nyingine ya kompyuta pepe, imekuwa bure kwa kila mtu tangu Novemba 2024, nayo inaendesha Windows 11 ya Arm na kuchora 3D kwa DirectX 11. Kuisakinisha kunataka uvumilivu zaidi, ila kwa mwanafunzi ningeanza nayo. UTM, ya aina hiyohiyo, nayo ni ya bure na watu wanaisifu, lakini Windows yake haipati msaada wa maana wa kadi ya picha, kwa hiyo kwa kazi za 3D iache.

Kuna mambo machache yanayowaumiza wanaoanza. Kubwa ni mahali pa kuweka faili. Parallels, kwa nia njema, hufungua folda zako za Mac ndani ya Windows, ili Desktop ya huku na ya kule iwe moja. Kwa hati za kawaida ni raha. Kwa Revit ni balaa, kwa sababu Windows inaziona folda hizo kama ziko kwenye mtandao, na Revit hufungua na kuhifadhi polepole huku ikitupa ujumbe wa makosa usioeleweka. Zima ushirikiano huo wa folda, weka faili la kazi kwenye diski C ya ndani ya Windows, na mwisho wa kila siku nakili toleo la siku hiyo kwenda Mac na kwenye flashi. Nasema kila siku kwa makusudi: kompyuta pepe nzima huhifadhiwa ndani ya Mac kama faili moja kubwa, na likiharibika linaondoka na kila kilichomo.

Ukiona mistari inapotea au skrini inachorwa vipandevipande, ingia kwenye mipangilio ya Revit, sehemu ya Hardware, uzime matumizi ya kadi ya picha. Itakuwa nzito kidogo lakini itachora sawasawa. Nunua mausi yenye gurudumu la kubonyeza. Kuzungusha modeli kwa vidole kwenye Mac ni mateso ya bure. Njia za mkato hazina shida, kwani nyingi za Revit ni herufi mbili tu, WA kwa ukuta, DR kwa mlango, hivyo tofauti ya kibodi haikugusi sana. Na kabla ya yote uliza darasa lenu linatumia Revit ya mwaka gani. Faili lililohifadhiwa kwenye Revit mpya halifunguki kwenye ya zamani, kamwe. Ukisakinisha ya mwaka huu wakati maabara ina ya miaka miwili iliyopita, kazi yako haitafunguka mbele ya mhadhiri, na hilo halina uhusiano wowote na Mac.

Utasikia pia jina Wine, au CrossOver ambayo ni Wine ya kulipia. Hii ni njia ya aina nyingine na naiheshimu sana. Wine ilianza mwaka 1993, na humo hamna Windows kabisa: watengenezaji wake wameandika upya, kipande kwa kipande, majibu ambayo Windows ingetoa programu ikiuliza. Haili RAM kama kompyuta pepe na haidai leseni ya Windows. Wenye Linux wanaitumia kuendesha programu nyingi za Windows, na kwa programu ndogo au za zamani za kuchorea inaweza kukushangaza kwa wepesi wake. Revit, pamoja na vyote inavyovitegemea na mfumo wake wa leseni, si mtu wa kuingia humo. Zaidi ya hapo, kwenye Mac za M1 Wine inaegemea Rosetta 2, na Apple walitangaza mwaka 2025 kwamba Rosetta itaendelea kikamilifu hadi macOS 27 tu, kisha itabaki kwa baadhi ya michezo ya zamani. Usiweke masomo yako juu ya kitu ambacho mwenyewe ameshakitangazia mwisho.

Basi ningekuwa wewe ningefanya nini? Ningeiacha Revit ikae kwenye kompyuta halisi ya Windows, na Mac yangu iwe dirisha la kuifikia. Chuo kina maabara. Maabara ina mashine zenye Revit ambazo usiku zimekaa kimya. Nenda kwa msimamizi wa TEHAMA, uombe kwa adabu uruhusiwe kuingia kutoka mbali kwenye mashine mojawapo, hata kama ni saa za jioni tu. Zipo programu za bure: Chrome Remote Desktop ni rahisi kuliko zote, na kama mashine ina Windows Pro unaweza kutumia Windows App ya Microsoft kwenye Mac yako. Revit inafanya kazi kule, na kinachokujia ni picha ya skrini. Mac yako haitasikia uzito wowote, na betri yake itadumu.

Njia hii ina gharama zake. Intaneti ikiwa ya kuchechemea, mausi inachelewa na mkono unachoka. Picha ya skrini inayobadilika muda wote inakula bando, hivyo punguza ubora wa picha kwenye mipangilio, na inapowezekana fanyia kazi mahali penye Wi-Fi ya faiba. Na umeme: wewe una betri, ile mashine ya kule haina. Ikizimika, iwe imewekwa kujiwasha yenyewe umeme unaporudi, mipangilio inayopatikana kwenye BIOS (menyu ya kabla Windows haijawaka) ya kompyuta nyingi za mezani. Vinginevyo utasubiri mpaka mtu akaibonyeze asubuhi.

Chuo kikikataa, fikiria kompyuta ya mezani iliyotumika. Mitumba ya ofisini kama HP Z au Dell Precision hupatikana kwa bei ambayo ukichanga na mwenzako mmoja inawezekana, na kwa Revit inaweza kuishinda hata laptopu mpya ya bei mara mbili. Tafuta RAM GB 16 kwenda juu yenye nafasi ya kuongeza, SSD, na kadi ya NVIDIA. Hapa kuna mtego mmoja ambao naomba uukariri kabla ya kwenda Kariakoo. Muuzaji atakuambia "hii ni i7" kana kwamba hilo linatosha. Muulize ni ya kizazi cha ngapi. Windows 11, kwa chipu za Intel, inaanzia kizazi cha nane, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Soma namba kwa macho yako: i7-4770 ni ya kizazi cha nne, i7-8700 ni ya nane. Ukishanunua, iache nyumbani na uifikie kwa Mac kwa njia ileile niliyoeleza, na Lumion yako itakaa huko pia, kadi ikiruhusu.

Bado kuna swali ambalo hukuliuliza lakini lina uzito kuliko Parallels: mhadhiri anapima Revit, au anapima uwezo wa kujenga modeli ya jengo yenye taarifa zake? Muulize. Kama ni la pili, Mac yako ina utajiri ambao wenzako wa Windows hawaufikirii. Archicad ilizaliwa kwenye kompyuta za Apple, kazi ya kampuni ya Graphisoft ya Budapest iliyoanzishwa mwaka 1982, na tangu toleo la 26 inaendeshwa moja kwa moja kwenye chipu kama yako, bila mfasiri. Wanafunzi hupewa leseni bure. Unachora humo, unatoa faili la IFC, muundo wa wazi ambao ni kiwango cha kimataifa cha ISO namba 16739, na mwenye Revit analifungua. Uhamisho huo si kamili: kuta na madirisha hufika na vipimo na taarifa zake, lakini hutaweza kuvihariri kwa uhuru uleule kama vingechorwa kwenye Revit tangu mwanzo. Kwa kuwasilisha na kuratibu inatosha. Kwa kazi ya kikundi ambapo watu watano wanagusa modeli moja, haitoshi, tumieni programu moja.

AutoCAD nayo ipo ya Mac. Ilirudi mwaka 2010, na tangu toleo la 2024 inatumia chipu za Apple moja kwa moja. Faili zake za DWG ni zilezile, kwa hiyo ramani zako zinasafiri pande zote mbili bila tatizo. Kinachokosekana ni zile seti maalumu za zana, ikiwemo ya usanifu majengo, ambazo ziko Windows tu. SketchUp na Rhino, za modeli za 3D, zipo. Kurenda, badala ya 3ds Max jifunze Blender: ni bure, ni ya Mac kamili, na M1 inarenda nayo kwa Metal. Ukiwa na GB 8 weka miti michache na picha za nyuso za vitu (textures) zenye ukubwa wa wastani. Ujuzi wa mwanga na kamera utakaoupata humo utauhamishia popote.

Neno kuhusu leseni, kwa sababu najua kinachopita kwenye flashi za wanafunzi. Autodesk wanampa mwanafunzi Revit, AutoCAD, 3ds Max na nyingine bure kwa mwaka mmoja, na unahuisha kila mwaka ilimradi bado unasoma; unachohitaji ni uthibitisho wa chuo. Kreki, yaani programu iliyovunjwa leseni, inayokutaka uzime kinga ya virusi kabla ya kuisakinisha inakuomba ufunguo wa nyumba yako yote. Ukiiweka kwenye mashine ambayo pia unaiachia mlango wa kuingilia kutoka mbali, umejiongezea hatari ambayo hukuwa na sababu ya kuibeba, wakati ya halali hulipii chochote.

Anza na mhadhiri, kisha msimamizi wa maabara. Wakati unasubiri majibu yao, pakua VMware Fusion, jaribu zoezi moja dogo la Revit ndani yake, na fungua Activity Monitor ya Mac uangalie rangi ya Memory Pressure (jinsi RAM inavyobanwa) unapozungusha modeli. Ikibaki ya kijani au njano, endelea kujifunzia humo. Ikiwa nyekundu muda wote, funga na usilipie chochote. Kisha nitajie toleo la Revit la maabara yenu na intaneti unayoipata nyumbani, nikusaidie kupanga mipangilio ya kuingia kutoka mbali.